Shemeji Anakwenda Kucheza Gofu Jinja, Nawe Je?

Mdogo wangu wa Arusha, ujumbe wako nimeusoma mara mbili. Mara ya pili nilikuwa jikoni, maharage yanachemka, na nikaamua nikujibu hapa mbele ya wenzako kwa sababu najua hauko peke yako. Unasema shemeji ameanza gofu miaka miwili iliyopita, Jumamosi zote zimemezwa na huo mchezo, na sasa klabu yao imepanga safari ya siku nne kwenda Jinja, Uganda, kwenye hoteli ya kando ya Mto Nile. Wake wamekaribishwa. Umeniuliza uvae nini, utaongea nini na wake za wakubwa, na kama ni sawa kutumia pesa hizo wakati ada ya shule iko mlangoni. Maswali matatu, lakini mimi nimesikia moja: unaogopa kwenda kukaa pale kama begi la mtu, limewekwa pembeni likisubiri mwenyewe arudi.

Nenda, mdogo wangu. Nalisema mapema ili usisome yanayofuata kwa wasiwasi. Ila usiende kusindikiza.

Safari yangu ya kwanza ya namna hii mimi nilikwenda kusindikiza. Shemeji yenu alitoka chumbani saa kumi na mbili na nusu asubuhi, akanibusu kwenye paji la uso, akaniambia tutaonana baadaye kidogo. Nikadhani baadaye kidogo ni saa nne. Nikaoga, nikavaa gauni nililoshonesha kwa ajili ya safari ile, nikakaa barazani na birika la chai nikiutazama mto. Saa nne ikapita. Saa sita ikapita. Wahudumu wakaanza kuniuliza kwa upole kama kuna mtu namngojea. Alirudi saa tisa alasiri, jua limemchoma shingo, uso unang'aa kwa furaha, ana hadithi ndefu ya shimo la saba. Mimi nikamjibu kwa neno moja moja. Usiku tukagombana, na nilichokuja kukitambua baadaye ni kwamba hakuna kati yetu aliyekuwa amemdanganya mwenzake. Yeye hakusema mchezo unachukua muda gani, mimi sikuuliza.

Basi nikuambie nilichopaswa kuambiwa. Mzunguko kamili wa gofu ni mashimo 18, na watu wanne wanaocheza pamoja huumaliza kwa saa nne hadi tano, wakitembea kilomita kadhaa kwenye nyasi. Kabla ya hapo wanataka kufika mapema wanyooshe viungo na kupiga mipira ya mazoezi. Baada ya hapo kuna kujumlisha mikwaju, kuhakikiana na kusaini kadi za matokeo, kisha kuna baa ya klabu, ambayo wacheza gofu wenyewe wanaiita shimo la kumi na tisa. Huko ndiko masaa yanakopotelea. Kwa hiyo akiondoka alfajiri, usimtarajie kabla ya alasiri. Wala siyo dharau, mchezo ndivyo ulivyo. Shida huanza pale mke anapoachwa aufahamu ukweli huo akiwa peke yake barazani.

Sasa hoteli. Usiridhike na kuambiwa “tumeshapata hoteli nzuri sana, iko mtoni”. Hoteli na uwanja ni vitu viwili. Uwanja wa gofu wa Jinja uko mjini, jirani na maji, lakini hoteli nyingi za kando ya mto ziko nje kidogo ya mji, kuelekea kule mto unakoteremkia. Tena mto una kingo mbili: upande mmoja ni Jinja, upande wa pili ni Njeru, na kati yake kuna lile daraja jipya la nyaya lililofunguliwa Oktoba 2018. Mkilala Njeru, kila safari ya kwenda uwanjani au sokoni ni kuvuka daraja. Wanaume watakuwa na basi lao la asubuhi. Je, nyinyi mnaobaki mna usafiri gani? Likiwa ni gari moja tu na limekwenda uwanjani, wewe umefungiwa kwenye bustani nzuri.

Uliza pia chumba kinatazama wapi. Kuna hoteli moja nililipia chumba cha kutazama mto, na nilipofungua pazia nikakuta jenereta na tangi la maji. Nikanyamaza siku mbili kwa sababu niliona aibu kulalamika mbele ya wenzetu. Siku ya tatu nilikwenda mapokezi nikiwa na karatasi ya malipo mkononi, nikaeleza kwa utulivu, na nikahamishwa ndani ya nusu saa. Siku mbili zile nilizilipia na sikuzipata tena. Ukifika, kabla hujafungua begi, fungua pazia. Kama sicho mlicholipia, rudi mapokezi wakati ule ule.

Na hapa nifike kwenye pesa, kwa sababu nimeona ulivyoliandika swali hilo mwishoni kabisa, kama mtu anayenong'ona. Mdogo wangu, hili ndilo la kwanza. Safari ya gofu ina gharama zinazoonekana na zisizoonekana. Zinazoonekana ni nauli na malazi. Zisizoonekana ni ada ya uwanja kwa kila siku ya kucheza, malipo ya kedi, yule anayebeba fimbo, na bahasha ya shukrani juu yake, mipira inayopotelea majini, mchango wa chakula cha jioni cha kugawa zawadi, vinywaji vya raundi, na yale madau madogomadogo wanayowekeana wakicheza. Hakuna hata moja kati ya hizo iliyo haramu kwa mtu mwenye uwezo nayo. Lakini mkiwa na watoto wawili shuleni, mna haki ya kuzijua kabla.

Kaeni chini, mwandike zote kwenye karatasi moja, muweke na fungu lako la mchana. Usilisahau hilo. Wake wengi huenda safari hizi wakiwa hawana hata shilingi ya kwao, kila kitu wanaandikisha kwenye chumba, halafu siku ya kuondoka bili inasomwa mbele ya wenzao na mume anashtuka. Fungu lako likiwa mkononi mwako, hutaomba nauli ya boda. Na kama hesabu ikigoma, mwambie shemeji ukweli bila kelele: twende siku mbili badala ya nne, au tusubiri ya mwakani. Ada ya shule ikishatengwa pembeni, kila chakula utakachokula kule kitakuwa na ladha.

Sasa nikupe siri niliyochelewa kuijua. Asubuhi ya pili ya ile safari yangu, baada ya ule ugomvi, nilivaa raba na kofia nikamwambia shemeji yenu naja kutembea nawe. Alisita, akadhani nitachoka. Nikaenda. Na nilichokiona kule ni mwanaume niliyekuwa simfahamu vizuri: anayepiga mpira vibaya, anavuta pumzi, anacheka, anaanza tena. Nyumbani huwa hakosei mbele yangu. Tangu siku ile nilielewa anafuata nini huko.

Kwa hiyo jitolee siku moja utembee nao, hata kwa mashimo tisa tu. Omba ruhusa kwanza, maana kama ni siku ya mashindano huenda watazamaji wana utaratibu wao. Mambo ya kushika ni machache. Mtu akijiandaa kupiga, simama usitikisike, usiongee, simu iwe kimya. Usisimame mbele yake wala nyuma ya mstari wa mpira wake. Mkifika kwenye ile nyasi fupi yenye bendera na shimo, usikanyage njia kati ya mpira wa mtu na shimo, na angalia kivuli chako kisiangukie hapo. Viatu vya kisigino viache chumbani, vinatoboa nyasi na watakuondoa. Mpira ukipotea, wasaidie kuutafuta, lakini ujue sheria inawapa dakika tatu tu tangu mwaka 2019. Zamani zilikuwa tano. Ukiutaja huo mwaka mbele yao, wataanza kukuuliza wewe mambo ya sheria.

Tembea karibu na kedi. Huyu ndiye mwalimu bora kuliko wote pale. Anajua upepo wa mtoni unageuka saa ngapi, nyasi inalala upande gani, na nani kati ya hao waheshimiwa hawezi kupiga bila kulaumu fimbo. Wachezaji wengi wa kulipwa wa Afrika Mashariki walianza kwa kubeba mifuko ya wengine, kwa hiyo usimwone kama kijana wa kazi tu. Msalimie kwa heshima, muulize jina lake. Muulize shemeji mapema malipo yake yamepangwa vipi, ili mwisho wa siku asiachwe anazungushwa kati ya watu wanne, kila mmoja akidhani mwenzake amelipa. Hilo limewahi kutokea mbele ya macho yangu na liliniuma.

Muulize pia akuonyeshe nyayo za kiboko. Jinja inajulikana kwa hilo: viboko hutoka majini usiku kula majani, wakitembea uwanjani wanaacha mashimo ya miguu kwenye udongo laini, na sheria ya pale inakuruhusu kuuokota mpira ulioingia kwenye unyayo wa kiboko na kuuweka pembeni bila adhabu. Nilicheka nilipoisikia kwa mara ya kwanza, kisha nikaacha kucheka, kwa sababu maana yake ni kwamba mnyama mwenye uzito wa zaidi ya tani moja hupita hapo hapo usiku. Hotelini jua likishazama usishuke kutembea ufukweni, hata kama bustani imewashwa taa na wengine wanashuka. Kiboko akiwa nchi kavu halafu akakukuta umesimama kati yake na maji, hatakupisha. Muite askari wa hoteli akusindikize kutoka chumbani hadi mezani. Wala usimwonee haya, ndiyo kazi yake.

Siku nyingine zote, mdogo wangu, mchana ni wako. Na wewe una sababu ya kwenda Jinja ambayo shemeji hana. Umeniambia umezaliwa Musoma. Maji uliyokuwa ukichota utotoni pale ziwani, mlango wake wa kutokea ni hapo Jinja. Ziwa lote lile, Musoma, Mwanza, Bukoba, Kisumu, linatoka kwa mlango huo mmoja kuwa Nile, linaanza safari ya kilomita zaidi ya 6,000 kupita Sudan Kusini, Sudan na Misri hadi Bahari ya Mediterania, na huchukua kama miezi mitatu kufika. Chukua mashua asubuhi, kabla jua halijakomaa, wakupeleke pale maji ya ziwa yanapogeuka kuwa mto. Utaona uso wa maji unaanza kujikunja na kuvuta upande mmoja. Mimi nilizima injini ya maneno yangu yote pale, nikamfikiria mama yangu na ndoo yake kichwani.

Usitarajie maporomoko, ili usije ukasikitika. Wengi huyauliza kwa sababu ya vitabu vya jiografia. Maporomoko ya Ripon, yale aliyoyakuta Mwingereza John Hanning Speke mwaka 1862 na kuyapa jina la bwana wa kwao, yalimezwa na maji ya bwawa la Owen Falls lililofunguliwa mwaka 1954. Yale ya Bujagali, ambayo Wasoga wanayaheshimu kama makao ya mizimu yao, nayo yalimezwa na bwawa jipya lililokamilika mwaka 2012. Wasoga wenyewe mto wanauita Kiyira, na walikuwa wakiuita hivyo kabla ya mgeni yeyote kuja kuutafuta. Hapo kwenye chanzo utakuta pia sanamu ya Mahatma Gandhi, kwa kuwa sehemu ya majivu yake ilimwagwa kwenye mto huo mwaka 1948. Muulize mwenye mashua, atakueleza vizuri kuliko mimi.

Vaa jaketi okozi na lifungwe hadi shingoni, hata kama nahodha mwenyewe hakuvaa. Wakikushawishi kwenda kwenye mashua za mpira zinazorukaruka kwenye maji ya kasi, ujue sehemu nyingine za mto ule zimewekwa daraja la tano, na daraja la mwisho kabisa ni la sita. Kama huogelei, jibu ni hapana, na usione unaharibu sherehe ya mtu. Na wewe mtoto wa Musoma kichocho unakijua: maji yaliyotulia penye magugu, hata yakiwa mbele ya hoteli ya bei gani, usiyatie mguu. Kuogelea ni kwenye bwawa la hoteli. Kama umeshaingia, nenda kapime wiki kadhaa baada ya kurudi, maana ukipima mapema mno hakionekani. Malaria nayo usiidharau kwa kuwa unaishi Arusha kwenye baridi. Umekaa miaka mingi mahali penye mbu wachache, na mwili husahau kinga uliyokuwa nayo. Muone daktari kabla ya safari kuhusu dawa za kinga, na usiku chandarua kishushwe kabla hamjaanza kuongea.

Kuhusu hao wake za wakubwa: nimekaa nao, nao wanasubiri mtu wa kuanza. Mmoja wao atakuwa hajawahi kushika fimbo na anaona aibu kama wewe. Mwambie twende tukaombe somo la nusu saa kwa mwalimu wa klabu, tujaribu kusukuma mpira shimoni kwenye ile nyasi fupi. Tangu mfumo mmoja wa dunia wa handikapu, yaani mikwaju ya nafuu anayopewa mchezaji, ulipoanza mwaka 2020, anayeanza anaweza kupewa hadi 54, maana yake mchezo umemwekea nafasi mtu asiyejua kitu. Wanawake wa kwetu wamo humo, Tanzania tuna Madina Iddi ambaye jina lake linajulikana viwanja vingi vya kanda hii, na wasichana wa Kenya na Uganda wanaocheza naye. Vipingo, pwani ya Kenya, wanawake wa kulipwa kutoka Ulaya na Asia wamekuja kushindana tangu Desemba 2019. Siyo lazima uupende. Lakini uukatae ukiwa umeugusa.

Mavazi yasikusumbue wala yasikutoe pesa. Uwanjani ni fulana yenye kola, suruali ya kitambaa au sketi ya kufika magotini, raba na kofia. Suruali ya jinzi wengi hawaitaki, na fulana isiyo na mikono iulize kwanza. Jioni ya zawadi, gauni moja la kitenge lililokukaa vizuri linatosha, hilo hilo ulilovaa harusi ya wifi yako. Beba na sweta, upepo wa mtoni usiku ni mwingine.

Karatasi za safari ziangalie leo, siyo wiki ya kuondoka. Mkienda kwa barabara mnavuka mipaka miwili, Namanga na kisha Busia au Malaba, kwa hiyo pasipoti yako iwe hai. Kama huna, ulizeni Uhamiaji kuhusu hati ya dharura ya safari. Kadi ya homa ya manjano inaulizwa kwenda na kurudi, na chanjo yake huhesabiwa kuanza kufanya kazi baada ya siku kumi. Ukichanjwa juzi, kadi yako haitakusaidia kesho. Aliyekwisha kuchanjwa hahitaji kurudia, sindano moja ni ya maisha.

Lililobaki ni lile la Jumamosi, ambalo umeligusa kwa sentensi moja ukaliacha. Usilibebe hadi Jinja ukalimwage mezani mbele ya wenzake. Wala usilizike. Liseme ukiwa bado nyumbani, kwa maneno mafupi: Jumamosi mbili kwa mwezi ni za gofu, mbili ni za kwetu. Shemeji aliyekualika safari hii amefungua mlango kidogo. Mwanaume anayekimbia nyumbani hamwaliki mkewe mahali anapokimbilia.

Leo usiku, akishakula na watoto wameshalala, usianze na lawama wala na gauni. Leta karatasi na kalamu, kaa karibu naye, mwambie: “Baba fulani, nakuja. Nipe jina la hoteli na namba ya mapokezi, nataka nijue iko ukingo upi wa mto.” Kisha uniandikie alivyojibu.